Majina yaandikwe vikombeni

Makala yako imewataja nyota wa michezo, lakini tuzo zao nani kaziandika? Kule Marekani, Archie Griffin alitwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo, mwaka 1974 na 1975. Chuo Kikuu cha Ohio State kikaistaafisha jezi yake namba 45. Lakini huku kwetu nimeona shule moja ya Homa Bay yenye kabati la vioo lililojaa vikombe. Kimoja kimeandikwa mwaka na mashindano tu. Kijana aliyefunga mabao yaliyokileta hatajwi popote!

Hata SoNy Sugar ya Awendo, mabingwa wa ligi kuu ya Kenya 2006 (Migori nzima tulijaa fahari), waulize vijana wa leo wakutajie wachezaji watatu tu wa kikosi kile. Inaniuma sana.

Chuo Kikuu cha Rongo na kile cha Tom Mboya pale Homa Bay waanze daftari sasa: jina, mwaka, tuzo, picha. Walimu wa michezo waliostaafu bado wako Oyugis, Ndhiwa na Mbita, na wanakumbuka mengi. Waendewe mwaka huu huu.