Rangi baadaye, jina kwanza

Kenya walibadilisha sare za polisi Septemba 2018, enzi za Rais Uhuru Kenyatta, wakawavisha buluu. Kejeli mitandaoni hazikuwa na idadi. Sasa humu jukwaani mnabishana kama kaki ya polisi wetu wa Tanzania nayo imepitwa na wakati. Sisi wa Mwamgongo, kijiji cha kando ya Ziwa Tanganyika, tunaosafiri kwa boti na kuvua dagaa usiku, kaki haijatukosea kitu. Kinachotutisha ni mtu kuruka kwenye mtumbwi wako gizani, koti la mvua limefunika jina, namba na cheo. Utajuaje ni askari au jambazi wa ziwani? Jina liandikwe kubwa, hata juu ya koti na jaketi la kujiokolea, lisomeke kwa tochi. Rangi chagueni nyie wa mjini.