Mkulima na Kikombe cha Chai Yake

Wako watu wengi wanaolima chai ambao hawajapata kuonja chai ya shamba lao wenyewe. Jambo hili laweza kumshangaza mgeni, lakini si ajabu. Majani mabichi huchumwa asubuhi, hupimwa kituoni, hupakiwa garini na kupelekwa kiwandani, na huko huchanganywa na majani ya mashamba mengine mengi. Chai inayorudi nyumbani hununuliwa dukani, nayo huchemshwa pamoja na maziwa na sukari hata isijulikane kama ilitoka Limuru au Kericho. Chai ya maziwa haina ubaya. Ndiyo heshima ya mgeni katika nyumba nyingi. Walakini mkulima asiyejua ladha ya zao lake ni kama mfugaji asiyejua harufu ya maziwa yaliyoharibika. Atapata hasara, naye ataiita bahati mbaya.

Mzee mmoja wa milima ya Nyeri alifikwa na hasara ya namna hiyo. Siku moja majani yake yalikataliwa kituoni. Karani wa mizani alitia mkono ndani ya gunia, akautoa, akasema majani yamepata moto. Mzee alirudi nyumbani na hasira nyingi, kwa maana aliona amedharauliwa mbele ya majirani, na karo ya mjukuu wake ilikuwa ikingojea fedha za mwezi ule. Alisema kwamba jani ni jani, na kwamba yule wa mizani ana kinyongo naye.

Mwanawe, ambaye ni karani katika ghala la chai huko Mombasa, alikuwa nyumbani kwa likizo. Hakubishana na babaye. Alisema tu, "Baba, ukiniruhusu, kesho tutayajaribu majani yako, kisha wewe mwenyewe utaamua."

Kesho yake kijana alichuma vipimo viwili vilivyo sawa, chipukizi na majani mawili kwa kila tawi, kama ipasavyo. Kipimo cha kwanza alikiweka ndani ya kikapu chenye matundu, kivulini. Cha pili alikishindilia katika gunia, akakiacha juani mpaka jioni. Alipolifungua gunia, Mzee alitia mkono wake, akakuta joto kama la uji, na majani ya katikati yamekuwa mekundu.

Usiku ule majani yote yalitandazwa juu ya mikeka miwili ili yanyauke. Jani bichi lina maji zaidi ya robo tatu ya uzito wake, na ndiyo sababu kilo nne na zaidi za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Asubuhi kijana aliyasokota kwa viganja mpaka utomvu ukatoka, akayafunika kwa kitambaa chenye unyevu muda wa saa mbili, yakageuka rangi ya shaba. Wengi huita hatua hiyo kuchachua, ingawa hakuna chachu yo yote. Ni hewa inayokutana na utomvu wa jani, kama vile ndizi iliyomenywa inavyogeuka rangi ikiachwa wazi. Mwishowe aliyakausha katika sufuria juu ya makaa hafifu, akiyageuza bila kupumzika.

Basi ikawa kazi ya kuonja. Kazi hii ina kanuni zake, na yafaa kila mtu azijue, maana hazihitaji fedha nyingi. Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kanuni yake mwaka 1980, nayo inasema gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yaliyotokota, na majani yakae ndani ya maji dakika 6 chini ya kifuniko. Chombo kiwe cha kauri nyeupe, ili rangi isidanganye macho. Vikombe vyote vinavyolinganishwa vipewe kipimo kimoja, maji ya namna moja, na muda mmoja. Mtu akizidisha majani katika kimoja na kupunguza katika kingine, ataonja kipimo chake, wala hataonja chai.

Mwonjaji hutazama mambo matatu. Kwanza ni majani makavu: je, yanalingana, au yamechanganyika na vijiti na nyuzi? Pili ni majani yaliyolowa, ambayo hunuswa yangali moto. Yakiwa na rangi ya shaba ing'aayo, ni dalili njema, na yakiwa ya kijani kilichofifia au meusi yasiyo na nuru, pana kasoro. Tatu ni maji yenyewe. Mwonjaji huyafyonza kutoka kijikoni kwa kelele, jambo ambalo mezani lingekuwa utovu wa adabu, lakini hapa hewa husaidia kuipeleka harufu puani. Kisha huyazungusha juu ya ulimi, na huyatema. Hutafuta uzito kinywani, wepesi wa kuamsha ulimi na ule ukali mzuri unaokaza fizi. Chai isiyoamsha ulimi huhesabiwa kuwa imelala.

Asidhani mtu kwamba huo ni mchezo wa matajiri. Chai ilianza kupandwa Kenya huko Limuru mwaka 1903, na kwa miaka mingi ilikuwa zao la mashamba makubwa. Kiwanda cha kwanza cha kusindika majani ya wakulima wadogo, kile cha Ragati katika Nyeri, kilianza kazi mwaka 1957, na mwaka 1964 ikaundwa mamlaka ya kuendeleza chai yao nchini kote. Mnada ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969. Katika mnada huo, kabla mnunuzi hajataja bei, waonjaji huwa wamekwisha kupita mbele ya safu ndefu za vikombe, kijiko mkononi. Hawamjui mkulima wala kilima chake. Kijiko ndicho kinachowaambia kama majani yalisubiri mno njiani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sehemu kubwa ya chai ya Kenya hutengenezwa kwa mashine zenye meno zinazoponda, kurarua na kuviringisha jani, njia iliyobuniwa Assam katika miaka ya 1930. Hutoa punje ndogo zinazokoza rangi upesi na kustahimili maziwa. Njia ya zamani husokota jani bila kulirarua sana. Chai yake hukawia kukolea, lakini harufu yake ni nyingi, nayo hunywewa vema bila maziwa. Mtu apatapo chai ya namna hiyo asiichemshe jikoni pamoja na maziwa. Aitie katika buli, aimwagie maji yaliyotokota, na aingojee. Ikiwa ni chai ya kijani, maji yapoe kidogo kwanza, la sivyo itakuwa chungu. Chai zote hizo hutoka katika mti wa aina moja. Tofauti huletwa na mkono wa mtengenezaji. Na chai yo yote ihifadhiwe katika mkebe unaofunga sawasawa, mbali na sabuni, vitunguu na mafuta ya taa, maana chai hunyonya harufu upesi.

Tukirudi nyumbani kwa Mzee, hapakuwa na vikombe vya waonjaji. Mkewe alikuwa na vikombe sita vya kauri nyeupe alivyopewa siku ya harusi yao, ambavyo kwa miaka yote havikutoka kabatini ila kwa mgeni mkubwa. Alisita. Kisha alisema, "Leo mgeni ni shamba letu," akavitoa viwili.

Kukusanya na kutunza vyombo si desturi ngeni katika nchi hii. Huko Lamu na Pate matajiri wa zamani walipamba zidaka za kuta zao kwa vyombo vya kauri kutoka China. Katika kaburi la mnara huko Mambrui mabakuli ya Kichina yalipachikwa katika jiwe, na vigae vya namna hiyo vilifukuliwa Gedi katika uchimbaji ulioanza mwaka 1948. Vyombo hivyo havikuwa vyote vya chai, lakini vyaonyesha kwamba watu wa Pwani walijua thamani ya kauri njema.

Atakaye kuanza leo aanze na kidogo: buli moja, kikombe kimoja cheupe, na chujio. Akinunua kitu kikuukuu, akigonge polepole kwa ukucha. Kikitoa mlio safi, ni kizima. Kikitoa mlio mzito, huenda kina ufa usioonekana. Kikombe cha zamani ambacho rangi yake inabanduka kiwe pambo tu, kisinywewe, kwani baadhi ya rangi za zamani zina risasi. Buli la udongo usiopakwa rangi, kama yale ya Yixing katika China, lisioshwe kwa sabuni, maana udongo hunyonya. Nalo litumike kwa chai ya aina moja tu. Birika la bati lililobanduka ndani lisitumike kuonjea, kwa sababu ladha ya kutu huharibu hukumu.

Dakika 6 zilipotimia, Mzee alionja kikombe cha kwanza. Alinyamaza. Alionja cha pili, akakunja uso, akakiweka chini: maji yake yalikuwa mazito ya rangi, lakini ladha ilikuwa bapa, na nyuma yake palikuwa na uchachu. Alikirudia cha kwanza, akakimaliza chote bila sukari.

"Mwanangu," alisema, "miaka hii yote sikujua kama ni tamu hivi. Na ile nyingine ndiyo niliyokuwa nikiipeleka?"

"Siku za jua kali tu, Baba."

Fedha za majani yaliyokataliwa hazikurudi, na karo ililipwa kwa kuuza mbuzi. Lakini siku ya kuchuma iliyofuata Mzee alifika kituoni mapema, na vikapu viwili badala ya gunia moja, vimefunikwa kwa matawi mabichi. Hakumwomba karani wa mizani radhi kwa maneno mengi. Alitoa chupa ya chai moto isiyo na maziwa, akamimina katika kimojawapo cha vile vikombe vyeupe, akampa kwa mikono miwili, akamwambia aonje.