Fyuzi ikiungua mara ya pili, kuna jambo

Msomaji mpenzi, je, gari lako limewahi kukuunguzia fyuzi, ukatia nyingine, nayo ikaungua kabla hata hujarudi kwenye usukani? Ikiwa bado, omba yasikufike usiku, uko barabarani na watoto.

Mimi yalinifika Desemba 2022 tukielekea Nakuru kwa sherehe za Krismasi. Tulipopita Naivasha giza lilikuwa limeingia. Dereva wa lori aliyetufuata alipiga honi na kutumulika hadi nikaegesha kando. Kumbe taa zetu za nyuma hazikuwaka hata moja! Taa za dashibodi nazo zilikuwa zimezima, lakini nilikuwa nimedhani ni uzee wa gari tu.

Katika kituo cha petroli, kijana mmoja alichomoa fyuzi nyekundu ya ampea 10, akanionyesha jinsi uzi wake ulivyokatika. Akatia mpya. Ikaungua. Akatia ya pili. Hiyo ilitufikisha kwenye tuta la kwanza. Tuliporudi, kijana alitoa karatasi ile inayong'aa ya pakiti ya sigara, akaivingirisha kwenye fyuzi iliyoungua na kuirudisha mahali pake. Taa zikawaka zote. Nilimshukuru na kumlipa, tena nikamwongezea ya soda.

Hatukuwa tumefika Gilgil mke wangu aliposema, "Baba Shiru, nasikia harufu ya plastiki." Kufumba na kufumbua, moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi. Nilizima taa na injini, tukawashusha watoto wakiwa na usingizi, nami nikachomoa waya wa betri kwa mikono inayotetemeka. Tungekawia kidogo, sijui ningekuwa nikikuandikia nini leo.

Sasa tuelewane. Fyuzi imetengenezwa iwe ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika njia ya umeme, ili mambo yakiharibika ife yenyewe na waya zipone. Ukiifunga kwa karatasi, au ukitia ya kijani ya ampea 30 palipoandikwa 10, kitakachoungua ni waya wenyewe, ambao umepita chini ya zulia na nyuma ya viti. Fyuzi moja inaweza kukatika kwa uzee. Ya pili ikikatika mahali pale pale, acha kununua fyuzi, tafuta ugonjwa.

Anza kwa kujiuliza: inaungua lini? Ikikatika papo hapo unapobonyeza swichi, aghalabu ni shoti, yaani waya uliochubuka unagusa bodi ya gari. Ikikatika kwenye matuta au unapokata kona, ni waya unaocheza. Ikingoja dakika kadhaa ndipo ikatike, huenda mzigo umezidi. Wanaopenda balbu kali watanisamehe, lakini hesabu haina upendeleo: balbu mbili za wati 55 kwa betri ya volti 12 zinavuta ampea 9 hivi, tia mbili za wati 100 na sasa unavuta karibu 17. Fyuzi ya 15 itastahimili vipi? Ikiwa ni ya waipa, nayo hukatika mvua ikinyesha tu, kagua mota na vyuma vyake, huenda vimekaza. Na kama ni ile ya tundu la kuwashia sigara, chungulia ndani kabla ya kumwita fundi. Mara nyingine utakuta sarafu.

Gari letu lilivutwa hadi Nakuru, kwa fundi mzee wa jua kali asiyependa maneno mengi. Hakutia fyuzi yoyote. Alichukua balbu ya breki ya wati 21, akaiunganisha kwa nyaya mbili mahali pa fyuzi, akaondoa balbu zote za nyuma na kuwasha swichi. Balbu yake ikawaka kwa nguvu. Akanieleza kuwa maadamu inang'aa hivyo, umeme unavuja mahali fulani. Na kwa kuwa balbu hairuhusu hata ampea 2 kupita, angeweza kutafuta kutwa nzima bila kuunguza kitu.

Kisha akawa anatikisa waya, kipande kwa kipande, jicho likiwa kwenye balbu. Kwenye dashibodi, hakuna. Chini ya zulia, hakuna. Alipoinua mlango wa buti, mwanga ukafifia. Akaufunga, ukang'aa tena. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Karibu na bawaba, ndani ya mpira mweusi, waya wa taa ya nambari ya gari ulikuwa umekunjwa na kukunjuliwa miaka mingi hadi koti lake likapasuka. Alikata sehemu hiyo, akaunga waya mpya kwa risasi na kuufunika vizuri. Kazi hiyo ilichukua nusu saa. Kubadilisha waya zilizoyeyuka chini ya dashibodi, kazi ya ile karatasi ya sigara, kulichukua siku mbili na pesa za Krismasi yote.

Fyuzi nyekundu aliyoitia ingali pale hadi leo. Hata hivyo, tukisafiri usiku, Mama Shiru haingii garini kabla sijazunguka nyuma kutazama taa.