Komunike yenye kashe, telefone ndogo: shida iko wapi?

Mu Kabalo, komunike nyingi za ofisi zinafika kwanza kwa WhatsApp, zikiwa picha ya karatasi yenye sahihi na kashe. Karatasi ile ina upana wa sentimita 21. Kioo cha telefone hakifiki hata nusu. Mtu anapanua, anavuta kushoto, anavuta kuume, mstari unamupotea. Kama komunike inaeleza kipimo cha klori ya kutia mu maji juu ya kolera, ugonjwa ambao Tanganyika inaujua sana, namba moja iliyosomwa vibaya ni hatari.

Watengenezaji wa intaneti walikutana na shida hii zamani. Mwaka 1994 Håkon Wium Lie, mtu wa Norway aliyekuwa anatumika CERN kule Uswisi, alipendekeza maneno yakae mbali na amri za sura yake: ukubwa wa herufi, rangi, nafasi. Lugha ya amri zile, CSS, ikatoka Desemba 1996. Chapa ya pili, Mei 1998, ikaruhusu andiko moja kupewa sura mbalimbali: ya kioo, ya karatasi, ya vifaa vya mkononi, ya maandishi ya vipofu, hata ya sauti, masini isome haraka ao polepole. (Kazi ya sauti, watu wa redio wanaijua bila kufundishwa.)

Si yote yaliyofaulu. Sura ya vifaa vya mkononi ilikufa. iPhone ilipotoka 2007, haikuifuata. Ilijihesabu kuwa kioo kama cha ordinateri. Kosa lilikuwa kuuliza jina la kifaa. Kanuni iliyopitishwa 2012 inauliza kipimo tu: kioo kina upana gani? Ile ndiyo iliyoshika, kwa telefone ya bei ndogo na ya bei kali.

Lakini picha ya karatasi haiwezi kujibu swali lile. Kwa masini ni rangi tu, mistari haipangiki upya. Programu inayosomea vipofu inaweza kunyamaza. Na inakula mega kuliko maneno matupu.

Hata hivyo kashe ina kazi. Uvumi unakimbia, na watu wanaamini kashe. Kuambia ofisi ziiache ni bure. Ingetosha kutuma picha, na chini yake maneno yale yale. Hakuna wa kuyapiga mara ya pili: yako tayari mu ordinateri ya sekretere, tangu mbele ya karatasi kutoka mu masini ya kuchapa.