Dokta Jekyll Hakupitiwa na Shetani

Mtu ambaye hajawahi kuifungua riwaya ya Robert Louis Stevenson kuhusu Dokta Jekyll na Bwana Hyde atakusimulia habari yake bila kusita: palikuwa na daktari mwema, akanywa dawa, akageuka jitu katili, basi ndani ya kila mmoja wetu mna mwema na mwovu wanaogombana. (Si jitu, kwanza. Hyde ni mfupi kuliko Jekyll, na nguo za daktari zinampwaya.) Hadithi hiyo hutuingia kirahisi kwa sababu kauli yake tunayo tayari: shetani kanipitia. Aliyetafuna fedha za kikundi huisema, aliyempiga mkewe huisema, na wazee wanaosuluhisha hutikisa kichwa kwa huruma. Kitabu chenyewe, kilichotoka Januari 1886, hakimpi Jekyll nafuu hiyo hata kidogo.

Hebu tufuate hesabu yake. Dawa inamtoa Hyde, ambaye ni uovu mtupu. Je, anayebaki Jekyll ni wema mtupu? Hapana. Anakiri mwenyewe kwamba alibaki mchanganyiko ule ule wa siku zote, na kwamba dawa haikuwa ya kishetani wala ya kimalaika. Ilifungua mlango tu, akatoka aliyekuwa macho. Angeinywa kwa nia nyingine, angetoka mwingine. Malaika hayumo katika hadithi hii. Yumo bwana mwenye heshima zake aliyependa starehe za siri, akachoshwa na aibu inayozifuata, akatafuta namna ya kuzipata bila kuaibika.

Na alijiandaa vizuri. Alitafuta nyumba katika mtaa wa Soho, London, akaijaza samani, akamweka mtunza nyumba asiyeuliza maswali. Akawaambia watumishi wake kwamba Bwana Hyde aingie na kutoka atakavyo. Akaandika wosia wa kumwachia mali. Kisha ikatokea ile kadhia ya usiku wa saa tisa, Hyde alipogongana na mtoto wa kike kwenye kona ya mtaa, akamkanyaga na kupita zake. Watu wanamkamata na kudai pauni 100 za kuwalipa wazazi. Anawapeleka mpaka kwenye mlango mmoja mchakavu usio na kengele, anatoa ufunguo, anaingia, anarudi na pauni 10 za dhahabu na hundi ya kiasi kilichobaki. Saini iliyo juu ya hundi ni ya mtu anayejulikana mjini kwa heshima. Wanadhani ni ya kughushi, wanakaa naye mpaka benki ifunguliwe. Hundi inalipwa, kwa kuwa saini ni ya Jekyll kweli.

Hapo ndipo pa kusimama. Sura ilibadilika, kimo kikabadilika, mwandiko haukubadilika. Na Jekyll, baada ya kuponea chupuchupu, hakuacha. Alimfungulia Hyde akaunti katika benki nyingine na kumtengenezea saini kwa kuulaza mwandiko wake mwenyewe upande wa nyuma. Mtu aliyepitiwa na shetani hafungui akaunti.

Wapo watakaojibu kwamba baadaye Hyde alianza kuja bila dawa, kwa hiyo Jekyll alikuwa mgonjwa, na mgonjwa halaumiwi. Jibu hilo lina uzito, na sehemu ya mwisho ya riwaya inasomeka kama habari za mtu aliyenaswa na ulevi. Ila tazama mara ya kwanza jambo hilo linapomkuta akiwa macho, mchana kweupe. Hyde ameshamuua mzee mmoja, Danvers Carew, kwa fimbo, Jekyll ameogopa, ametubu, amesaidia maskini, kisha amerudia dhambi zake kimyakimya, safari hii kwa sura yake mwenyewe. Siku moja ya Januari ameketi kwenye benchi katika bustani ya Regent's Park, anaota jua, anajilinganisha na wenzake na kuona kwamba amewazidi kwa matendo mema. Katika dakika hiyo ya kujisifu anahisi kichefuchefu, anatazama mkono wake juu ya goti, na mkono ni wa Hyde. Stevenson angeweza kuliweka badiliko hilo kwenye danguro au kwenye ugomvi. Aliliweka kwenye fikra za mtu anayejihesabu mwema.

Ile nadharia ya watu wawili ndani ya mmoja imo kitabuni, sikatai. Lakini nani anaitamka? Jekyll, katika maelezo yake ya mwisho, ambamo anafika mahali anashindwa hata kusema "mimi" na kumwita Hyde "yeye". Tumechukua utetezi wa mshtakiwa tukaufanya hukumu.

Lawama nyingine iende kwenye jukwaa. Mwaka 1887 huko Boston, Richard Mansfield alicheza tamthilia iliyompa Jekyll mchumba na kumfanya muungwana wa kuhurumiwa, na filamu nyingi zikaifuata hiyo kuliko kitabu. Mwaka huo huo Stevenson alimwandikia mwanagazeti mmoja kwamba ubaya ulikuwa kwa Jekyll, kwa sababu alikuwa mnafiki. Nasi wa Kiswahili tulishazoeshwa na *Adili na Nduguze*, ambamo mwema anaitwa Adili na wabaya wanaitwa Hasidi na Mwivu. Shaaban Robert alikuwa na haki ya kuandika hivyo. Kosa ni kuisoma kila riwaya kwa kipimo hicho.

Anayetaka kumwona mtu aliyeubeba wema na ubaya wake kwa pamoja amtazame wakili Utterson. Anapenda mvinyo mzuri, akiwa peke yake anakunywa jini ili kujikanya. Anawavumilia waliopotoka kuliko anavyojivumilia mwenyewe. Habari za Hyde zinapomfikia, anadhani rafiki yake Jekyll anaandamwa na dhambi ya zamani, na papo hapo anaanza kupekua maisha yake mwenyewe, asije akakuta kitu kama hicho kimejificha humo.