Jiko Dogo kwa Nyumba Ndogo: Kila Moto na Mahali Pake

Mwezi huu tuzungumze habari za jiko. Tunawakumbuka hasa akina mama wanaoishi katika chumba kimoja, au chumba na sebule, kwenye nyumba za kupanga za Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya na miji mingine. Humo kitanda, meza, ndoo za maji, nguo za watoto na vyombo vya kupikia vyote vinagombea nafasi. Majiko matatu hayaenei, na fedha ya kununua jiko baya kisha kulitupa haipo.

Siku hizi wauzaji husifu sana majiko yanayotumia nishati zaidi ya moja. Mengine hutumia kuni na mkaa, mengine gesi na umeme. Je, yanafaa? Yanafaa, ila kwa sharti moja: kila moto una mahali pake. Jiko laweza kuwa moja, lakini mkaa haupikiwi pale inapopikiwa gesi. Mama akilisahau hilo, jiko alilonunua kuokoa fedha laweza kumwondolea watoto.

KWA NINI MOTO WA AINA MBILI?

Wapo wanaomcheka mama mwenye mtungi wa gesi huku kiroba cha mkaa kimeegemea ukuta. Tusimcheke. Mtungi wa kilo 6 hujazwa kwa mkupuo. Ukiisha tarehe 20 na mshahara bado, katika mitaa mingi huwezi kwenda dukani kuomba gesi ya kuchemshia uji tu. Mkaa huuzwa kwa kopo, hata mwenye fedha kidogo huupata. Umeme wa LUKU nao hununuliwa kidogo kidogo, lakini hukatika bila taarifa. Mama mwenye njia ya pili halazi watoto njaa. Ndiyo busara ya yule mwanamke wa Mithali 31, asiyeiogopa siku ya baridi kwa kuwa amekwisha kujiandaa.

Serikali nayo ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Hiyo ni habari njema. Lakini leo jioni maharage yanataka kuiva, na mama anapika kwa alichonacho. Basi akichague vizuri.

ANZA NA MAHALI

Kabla ya kwenda sokoni, keti uitazame nyumba yako na ujiulize maswali matatu. Ndani kuna pembe iliyo karibu na dirisha, mbali na pazia, chandarua na godoro? Nje kuna baraza au ua wenye paa, ili mvua isikukimbize na jiko kuingia ndani? Na mwenye nyumba anaruhusu nini? Wengine hawataki jiko la umeme kwa sababu mita ni ya wote, wengine hawataki masizi ukutani.

Ukiwa na pembe nzuri ya ndani lakini huna baraza, moto wako ni gesi au umeme. Usinunue jiko la mkaa kwa kuwa ni rahisi tu, maana siku ya mvua utaliingiza chumbani. Ukiwa na baraza lenye paa, hapo jiko la kuni na mkaa lina maana.

JIKO LA KUNI NA MKAA

Majiko ya mkaa yenye bati nje na udongo wa kuchomwa ndani yalienea nchini Kenya tangu miaka ya 1980, kwa mfano uliotokana na jiko la Thailand. Udongo hushika joto, nalo hubana mkaa kwa theluthi moja au zaidi ukilinganisha na jiko la bati tupu. Kwetu tunayaita majiko banifu. Baadaye mafundi waliongeza mdomo wa kuni ubavuni, likapatikana jiko la kutumia vyote viwili.

Mama afahamu kwamba kuni na mkaa haviwaki namna moja. Mkaa hupata hewa kutoka chini, kupitia matundu, na joto lake hutoka kwenye kaa jekundu lenyewe. Kwa hiyo sufuria inatakiwa iwe karibu nalo. Kuni hutoa ndimi za moto zinazohitaji nafasi ya kupanda. Sufuria ikizikandamiza, moto hufifia na moshi huongezeka. Jiko lililotengenezwa vizuri lina kichanja au wavu unaoinuliwa ukitumia mkaa na kushushwa au kutolewa ukitumia kuni. Jiko ambalo fundi ametoboa mdomo ubavuni bila kubadili kitu kingine litakula mkaa mwingi na kutoa moshi mwingi. Hilo liache.

Ukifika kwa fundi, fanya hivi:

1. Gonga udongo wa ndani kwa kifundo cha kidole. Usio na ufa hutoa mlio mkali. Wenye ufa hutoa mlio mzito uliokufa.

2. Tazama kama mwanya kati ya bati na udongo umejazwa vizuri. Ukiwa mtupu, udongo utacheza na kupasuka mapema.

3. Fungua na kufunga mlango wa hewa. Usipofunga sawasawa, hutaweza kupunguza moto, na mkaa utateketea wakati wali umekwisha kuiva.

4. Nenda na sufuria yako kubwa na mwiko. Iweke juu, ushike mwiko na ufanye kama unasonga ugali. Jiko likiyumba dukani likiwa baridi, nyumbani litamwagia mtoto maji ya moto. Muuzaji akicheka, acha acheke.

Jiko hilo hilo huwaka pia kwa mkaa mbadala unaotengenezwa kwa vumbi la mkaa au mabaki ya mimea. Huchelewa kushika moto lakini hudumu, nao wafaa kwa makande na maharage. Kuni ziwe kavu, maana kuni mbichi ni moshi mtupu.

JIKO LA GESI NA UMEME

Kwa asiye na baraza, lipo jiko la mezani lenye kichomeo cha gesi upande mmoja na sahani ya umeme upande wa pili. Ni la nafasi ndogo na halina masizi. Kwa wenye fedha kidogo, mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake na sufuria ya presha ya umeme hufanya kazi hiyo hiyo. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha, yakipikwa kwa presha ya umeme, hayamalizi hata yuniti moja.

Lakini kumbuka ugali. Mtungi wenye kichomeo juu umesimama kama mtu wa mguu mmoja, na kusonga ugali juu yake ni hatari. Nunua kizimba cha chuma cha kuushikilia, au jiko la mezani lenye mpira na mtungi pembeni. Mpira ukianza kupasuka au kukakamaa, ubadilishe. Ukiufunga kwa plasta umeficha hatari tu.

Dukani, omba mtungi upimwe kwenye mzani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chake. Ongeza kilo 6, ndio uzito unaostahili kuondoka nao. Nyumbani, paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hushuka sakafuni na kutanda chini ya kitanda. Ukisikia harufu yake, usiwashe kiberiti wala usiguse swichi ya taa. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toa watoto nje.

Kwa upande wa umeme, jiko lichomekwe kwenye soketi ya ukutani peke yake, lisichangie waya mmoja na pasi na friji.

NA JIKO LA MCHINA?

Wengi hulipenda kwa sababu ni dogo na huwaka upesi. Lakini mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri mafuta ya taa yasitumike nyumbani, kwa sababu ya moshi wake, ajali za moto na watoto wanaoyanywa. Kama bado unalo, usiweke mafuta kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma harufu.

HATARI ISIYO NA HARUFU

Hapa tunaomba kila mama asome polepole. Mkaa uliokolea, usio na moshi hata kidogo, bado unatoa hewa yenye sumu isiyoonekana wala kunuka. Katika chumba kilichofungwa hujaa haraka. Aliye macho huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Kila msimu wa baridi, hasa Juni na Julai huko nyanda za juu, wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili mtoto mchanga apate joto. Usifanye hivyo, hata kwa nusu saa, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Mtoto hutiwa joto kwa blanketi, kofia, soksi na kifua cha mama. Majivu yenye moto nayo yalale nje.

Moshi wa kila siku nao una deni lake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majikoni ulichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 ni watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi wa wadogo hao hufa kwa nimonia. Kwa hiyo mtoto asibebwe mgongoni mama anapochochea kuni, na mjamzito asiinamie moshi kama kuna mwingine wa kumsaidia.

KETI NA BABA WATOTO

Bwana Yesu alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama. Fanyeni vivyo hivyo. Kwa mwezi mmoja andika kwenye daftari kila senti ya mkaa, gesi, kuni na umeme, kisha mwoneshe mumeo bila lawama. Mara nyingi baba huona bei ya mtungi kuwa kubwa kwa sababu hajawahi kujumlisha makopo ya mkaa. Namba zikikaa mezani, mazungumzo huwa mepesi. Fedha isipotosha, kikundi cha akina mama kanisani chaweza kuchangiana kwa zamu, mwezi huu jiko la mmoja, mwezi ujao la mwingine.

Kisha gaweni kazi za moto. Chai, uji na kupasha kiporo ni vya gesi. Maharage, makande na mchemsho wa nyama ni vya mkaa wa barazani, au presha ya umeme. Kwa utaratibu huo mtungi husogea mbele, na mkaa hubaki nje unakostahili.

Mama mpendwa, watu watausifu wali wako, wala hawataliuliza jiko. Lakini Mungu aliyekukabidhi watoto hao anakuona unapotoa jiko la mkaa nje katika baridi ya usiku, ili wote waliolala waamke asubuhi. Neema ya Bwana iwe pamoja nawe na nyumba yako.