BAA KILA KONA, KIKAO CHA KUACHA POMBE KIKO WAPI?

KIJANA mmoja fundi seremala, mkazi wa Dar es Salaam, alitujia mikono ikimtetemeka. Hakuja kuomba hela. Alikuwa na swali moja tu: wanaotaka kuacha pombe hukutana wapi?

Alikwisha fika zahanati, akapewa vidonge vya kichwa. Ofisi ya kata walimcheka, wakamwambia dawa ya pombe ni kuacha. Nasi, tunakiri kwa aibu, hatukuwa na jibu la papo hapo. Tulipomwomba ataje baa zilizopo kati ya kituo cha daladala na nyumbani kwake, alizitaja nane bila kuvuta pumzi.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wetu na Serikali. Kila Juni, Waziri wa Fedha anaposoma bajeti, mlevi hukumbukwa kwa jambo moja tu, ushuru wa bia. Huyu ni ng'ombe wa maziwa wa Hazina. Akiishiwa maziwa anaachiwa mkewe, mama yake na mchungaji.

Machi 1, 2017 Serikali ilipiga marufuku viroba. Tulikubali, maana vijana walikuwa wanateketea. Lakini aliyekuwa ameshazoea viroba aliambiwa aende wapi siku iliyofuata? Hakuambiwa. Gongo ilikuwa ikimsubiri uchochoroni.

Wala wakubwa wasituambie kwamba haiwezekani. Kwa wanaotumia unga, dawa ya methadone ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na watu wamepona. Unguja kuna nyumba za kupata nafuu, wenyewe wanaziita soba, ambako mteja hupitia hatua 12 pamoja na wenzake. Hatua hizo asili yake si unga hata kidogo. Zilitoka kwa walevi wa pombe.

Mwaka 1935 dalali wa hisa wa Marekani, Bill Wilson, alikwama katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Biashara iliyompeleka ilikuwa imevunjika, na baa ya hoteli ilikuwa pale pale mbele yake. Badala ya kuingia, alishika simu akaanza kuwapigia viongozi wa makanisa akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaelekezwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, naye mlevi wa kupindukia. Wawili hao wakaanzisha kile kinachoitwa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, ambacho leo kina vikundi katika nchi zipatazo 180.

Msomaji anayeogopa kwenda, na tunajua wengi mnaogopa, aelewe hivi. Hakuna ada wala kadi ya uanachama. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha. Unataja jina moja tu, na ukipenda unakaa kimya hadi mwisho. Mmoja anaeleza alivyokunywa, alivyopoteza na anavyoishi sasa, wengine wanasikiliza bila kumkatiza wala kumhubiria. Kofia inapita kwa ajili ya kodi ya chumba na chai, asiye nacho hadaiwi. Yapo mazungumzo ya Mungu, lakini kila mtu kwa anavyomwelewa yeye, kwa hiyo Mwislamu na Mkristo wanakaa benchi moja. Vikao vya wazi hata ndugu wa mlevi huingia, vya faragha ni vya wenyewe tu. Ukizoea unamchagua mkongwe mmoja wa kumpigia simu saa nne usiku kiu inapokushika. Tangu mwaka 2020 vikao vingi vinafanyika pia kwa simu na intaneti, hivyo hata wa Songea anaweza kuingia, kama bando lipo.

Tahadhari moja, na hii tunaisema kwa herufi kubwa: ALIYEKUNYWA SANA KILA SIKU KWA MIAKA ASIKATE GHAFLA PEKE YAKE. Anaweza kupata degedege, kuona vitu visivyokuwepo, hata kufa. Aanze kwa daktari, ndipo vikao vifuate. Fundi wetu tulimsindikiza hospitali jioni ile ile.

Madai yetu kwa Wizara ya Afya si ya mabilioni. Kila hospitali ya wilaya ibandike mlangoni karatasi yenye mahali, siku na saa ya kikao kilicho karibu. Kama hakipo, watoe chumba, kwa kuwa hata walevi wawili au watatu wakikutana kwa nia ya kuacha, tayari ni kikundi. Wenzetu wa Kenya wana NACADA, chombo cha umma kinachoshughulikia pombe pamoja na dawa za kulevya. Sisi mamlaka yetu ya mwaka 2015 ni ya dawa za kulevya, pombe imeachiwa watoza ushuru.

Na tusijisafishe. Wapo wagombea wa kwetu pia wanaonunulia vijana pombe wakati wa kampeni kisha wakawasahau. Matawi yetu mengi yana viti vya plastiki vinavyolala bure jioni. Makatibu wa matawi watoe ufunguo kwa watakaouomba, washushe bendera kabla ya kikao kuanza, na wao wenyewe watoke nje. Asijekuwapo mtu wa kuandika majina.